Soriasisi, kutoka baka la kwanza hadi jibu la daktari: mwongozo kamili

Wengi wenye soriasisi hufika kwa daktari wa ngozi wakiwa wameshamaliza dawa za fangasi, dawa za mba, na ile krimu ya mchanganyiko inayotolewa kwa kila kinachowasha. Wengine wamepaka hivyo kwa miaka. Ugonjwa wenyewe haujajificha, uko juu ya ngozi na kila mtu anauona. Kinachopoteza watu ni kuangalia baka moja moja. Ukiliangalia baka la kiwikoni peke yake, linaweza kuwa vitu vitano tofauti. Ukiangalia kiwiko, kichwa, kitovu, makalio na kucha kwa pamoja, mara nyingi hubaki kitu kimoja tu.

Ndiyo njia tutakayofuata hapa. Tutaanza na kinachotokea ndani ya ngozi, tuje kwenye kinachouamsha ugonjwa, kisha namna ya kujikagua, na mwisho tuone daktari anafikaje kwenye jibu.

Hatua ya 1: Elewa kinachoendelea ndani ya ngozi

Seli za ngozi ya juu huzaliwa chini, hupanda taratibu, hufa, kisha hupukutika bila mwenyewe kujua. Kwa kawaida safari hiyo huchukua mwezi mmoja hivi. Kwenye baka la soriasisi huchukua siku 3 hadi 5. Seli hufika juu zikiwa changa na bado zimeshikana, na kwa kuwa nyingine zinazisukuma kutoka chini, hurundikana. Rundo hilo ndilo gamba jeupe la rangi ya fedha. Chini yake mishipa midogo ya damu imetanuka na kusogea karibu kabisa na uso wa ngozi, na hapo ndipo wekundu na joto la baka hutoka.

Anayeharakisha mambo ni kinga ya mwili. Chembe nyeupe za damu za aina ya T huingia kwenye ngozi na kumwaga kemikali, maarufu kati yake zikiwa TNF-alfa, interlukini-17 na interlukini-23. Kemikali hizo huzihimiza seli za ngozi zigawanyike upesi, na seli za ngozi nazo hutoa kemikali zinazoita chembe nyeupe nyingine zaidi. Mzunguko huo ukishaanza hujiendesha wenyewe. Yashike majina hayo matatu hata kama biolojia haikuvutii, maana dawa nyingi za kisasa za sindano hulenga moja kati ya hizo, na daktari akizitaja hutaachwa nyuma.

Kwa hiyo hakuna kijidudu cha kuambukiza. Kushikana mikono, kulala kitanda kimoja, kutumia taulo moja, kuogelea pamoja, kujamiiana: hakuna hata kimoja kinachoupitisha kwa mtu mwingine. Hautokani na uchafu, wala "damu chafu". Kwa karne nyingi ulichanganywa na ukoma, na wagonjwa wakatengwa bure, hadi mwaka 1841 daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoutenganisha waziwazi. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi, ukiutaja kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu na usio na tiba ya kuuondoa moja kwa moja. Nasisitiza hili la kutoambukiza kwa sababu wapo wanaochelewa kwenda hospitali kwa aibu tu.

Hatua ya 2: Tenganisha mzizi na kichocheo

Swali la "nimeupata wapi?" lina majibu mawili, na kuyachanganya huleta lawama zisizo na msingi.

Mzizi ni urithi. Jeni nyingi zinahusika, na inayojulikana zaidi inaitwa HLA-C*06:02, iliyoko kwenye kromosomu ya 6. Mwenye jeni hiyo huelekea kuanza ugonjwa mapema na kupata aina ya matone nitakayoieleza mbele. Hata hivyo jeni peke yake haitoshi. Mapacha wanaofanana kabisa huweza kutofautiana, mmoja akaugua na mwenzake asiugue maishani mwake. Hivyo kutokuwa na ndugu mwenye soriasisi hakukuondoi kwenye orodha, na kuwa na mzazi mwenye nayo hakumaanishi lazima ikupate. Ugonjwa huweza kuanza umri wowote, ila vipindi viwili huongoza: miaka ya ishirini hadi thelathini na kitu, na tena miaka ya hamsini hadi sitini.

Kichocheo ni kile kilichoamsha kilicholala. Hapa chukua karatasi na kalamu, uandike kilichotokea kabla ya mabaka kuonekana.

Anza na koo. Maambukizi ya bakteria wa streptokoka kooni, hasa kwa watoto na vijana, huweza kufuatwa wiki 1 hadi 3 baadaye na mvua ya vidoa vidogo kifuani, mgongoni na kwenye mikono na miguu. Mzazi hukumbuka vidoa, homa na koo huwa ameshasahau. Andika tarehe zote mbili.

Kisha majeraha. Daktari Heinrich Köbner aligundua karne ya 19 kwamba soriasisi huota pale ngozi ilipoumia: mchubuko, kovu la upasuaji, mchoro wa tatuu, alama ya kujikuna, hata ngozi iliyobabuka kwa jua. Kwa kawaida baka hujitokeza siku 10 hadi 14 baada ya jeraha, likifuata umbo la jeraha lenyewe. Ukiona mstari wa magamba ulionyooka pale ulipokwaruzwa, hiyo ni habari nzito. Usiache kuitaja.

Halafu dawa. Lithiamu ya magonjwa ya akili, vizuizi beta vya presha na moyo, klorokwini na hydroksiklorokwini zinajulikana kuamsha au kuchochea soriasisi, na baadhi huchukua miezi mingi kabla ya kuonyesha athari, kwa hiyo usiishie kuandika dawa ulizoanza wiki iliyopita. Steroidi, yaani dawa kali za kutuliza kinga ya mwili, za kumeza au kuchomwa zina hila yake: ukizitumia ngozi hutulia vizuri kabisa, ukiziacha ghafla ugonjwa hurudi kwa hasira, wakati mwingine katika sura mbaya kuliko mwanzo. Lakini usiache dawa ya presha au ya akili kwa uamuzi wako mwenyewe kwa sababu umesoma aya hii. Peleka orodha, daktari ataamua.

Tumbaku, pombe nyingi na unene uliozidi huongeza uwezekano wa kuugua na ukali wa ugonjwa. Msongo wa mawazo nao hutajwa na wagonjwa wengi kuliko kitu kingine chochote, na naamini wanasema kweli, ingawa ni vigumu kuupima kwa sababu ugonjwa wenyewe pia huleta msongo. Jua huwasaidia wengi, wachache huwaharibia. Na soriasisi kali inayolipuka ghafla kwa mtu mzima, au iliyokuwa tulivu ikabadilika bila sababu, inastahili kipimo cha VVU.

Hatua ya 3: Jikague mwili mzima

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na haihitaji kifaa zaidi ya mwanga mzuri, kioo na simu ya kupigia picha. Vua nguo zote.

Anza na baka lililokuleta. Pitisha kidole kutoka ngozi nzima kuelekea kwenye baka huku umefumba macho. La soriasisi lina ukingo dhahiri: utahisi pale hasa linapoanza, kwa sababu ngozi imenyanyuka na kuwa nene. La ukurutu kwa kawaida hufifia polepole pembeni, hujui limeishia wapi. Kisha tazama rangi. Vitabu vingi husema "nyekundu" kwa kuwa viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi baka huweza kuwa la zambarau, la kahawia iliyokolea au la kijivu, na wekundu usionekane kabisa. Gamba nalo huweza kuwa la kijivu badala ya jeupe. Likipona huacha doa jeusi zaidi au jeupe kwa miezi, na doa hilo wengi hudhani ni ugonjwa bado. Kama pamelainika, hapana gamba wala unene, hapo ugonjwa umetulia na kilichobaki ni rangi.

Sasa tazama upande wa pili wa mwili. Soriasisi hupenda ulinganifu: kiwiko cha kulia na cha kushoto, goti na goti.

Kichwani, tenganisha nywele kidogo kidogo. Mba wa kawaida ni unga mwepesi wenye mafuta uliosambaa. Soriasisi ni bamba nene lenye mpaka, na mara nyingi huvuka mstari wa nywele na kushuka kidogo kwenye paji la uso, kisogoni au nyuma ya masikio. Angalia ndani ya sikio pia, pale tundu linapoanzia.

Kisha sehemu ambazo hakuna anayezionyesha: ndani ya kitovu, juu ya mfereji wa makalio, chini ya matiti, kwapani, kinenani na kwenye sehemu za siri. Kwenye mikunjo hii gamba hukosekana kwa sababu ya unyevu, unaona tu ngozi laini, inayong'aa, yenye mpaka mkali, na kila mtu huiita fangasi. Mtu mwenye baka la kiwikoni lenye mashaka, kisha akakutwa na baka dogo kitovuni na jingine juu ya makalio, ameshamrahisishia daktari nusu ya kazi.

Kucha nazitengea nafasi yake. Kaa karibu na dirisha, lete ukucha kwenye mwanga unaotoka pembeni. Tafuta vishimo vidogo vilivyotawanyika, kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano. Tafuta doa la rangi ya chungwa au kahawia ya mafuta chini ya ukucha, ukucha ulioachana na nyama kuanzia nchani, na uchafu mgumu uliojikusanya chini yake. Hesabu kucha zenye vishimo, maana kimoja au viwili hata mtu mzima wa afya anaweza kuwa navyo. Ukucha mnene wa mguuni peke yake huenda ni fangasi kweli, na magonjwa hayo mawili huweza kukaa pamoja kwenye ukucha mmoja.

Piga picha kila ulichokiona, ukitaja tarehe. Mabaka yana tabia ya kutulia wiki ya miadi. Usikwangue magamba ili "kuona vizuri", na wiki hizo usipake kitu kipya. Krimu zenye steroidi na dawa ya fangasi kwa pamoja ndizo zinazoharibu uchunguzi kuliko zote: hufuta dalili za soriasisi kwa muda, na kama ilikuwa fangasi, huibadilisha sura hadi isitambulike.

Hatua ya 4: Jua ni sura gani

Kati ya wagonjwa 10, wanane au tisa wana soriasisi ya mabaka, ile niliyoieleza hapo juu. Ya matone ni vidoa vingi visivyozidi sentimita moja, huja baada ya koo, na kwa wengi huondoka ndani ya miezi michache. Ya mikunjo tumeshaigusa. Ya usaha huweza kukaa viganjani na kwenye nyayo tu, ikileta vipele vya usaha vinavyokauka na kuwa vya kahawia. Usaha huo hauna bakteria, ni chembe nyeupe zilizokusanyika, kwa hiyo antibiotiki haziuondoi.

Sura mbili ni za dharura. Ya kwanza ni pale vipele vya usaha vinapoenea mwili mzima vikiambatana na homa na kutetemeka. Ya pili ni pale karibu ngozi yote inapowaka na kubambuka: mwili hupoteza joto na maji, moyo hulemewa, maambukizi huingia. Hapo hakuna cha kusubiri miadi, mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Tegemea mwendo wa kupanda na kushuka

Soriasisi haina ratiba. Kuna miezi ya utulivu, kuna wiki za kulipuka, na watu wawili wenye mabaka yanayofanana leo huweza kuwa mbali kabisa baada ya miaka mitano. Mmoja atabaki na viwiko viwili maisha yote. Kwenye ile ya matone, baadhi ya wagonjwa, pengine theluthi, huishia kupata mabaka sugu miaka ya mbele. Wakati wa ujauzito wanawake wengi hupata nafuu, kisha ugonjwa hurudi baada ya kujifungua, jambo linalofaa kujulikana mapema ili lisimshtue mama mwenye mtoto mchanga.

Anayeahidi kuiondoa isirudi tena anauza kitu. Kuituliza kabisa, hadi ngozi iwe safi kwa muda mrefu, kunawezekana leo kuliko wakati wowote uliopita, na hilo ndilo lengo la kudai.

Ugonjwa hauishii kwenye ngozi. Uvimbe uleule unaoletwa na kinga ya mwili huambatana na kisukari, presha, mafuta kwenye damu, magonjwa ya moyo, uvimbe wa jicho na sonona. Na takriban mtu mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya watatu hupata pia ugonjwa wa viungo.

Hatua ya 6: Mbele ya daktari

Hakuna kipimo cha damu kinachosema "hii ni soriasisi". Watu hukata tamaa wakisikia daktari ametazama tu na kutaja jina, wakaona hawajapimwa. Kutazama ndiko kupima kwenyewe. Ataangalia mpangilio, mpaka na gamba, atazunguka sehemu zilezile ulizojikagua, na pengine atakwangua gamba taratibu: tabaka za mwisho zikitoka, vitone vidogo vya damu hujitokeza kutoka kwenye ile mishipa iliyopanda juu. Dalili hiyo ina jina la daktari Heinrich Auspitz, ila haionekani kwa wote na magonjwa mengine pia huweza kuionyesha. Akiwa na demoskopu, kioo cha kukuza chenye taa, ataona nukta nyekundu zilizopangika sawasawa baka zima.

Kazi inayobaki ni kuondoa wanaofanana. Choa huwa na ukingo unaowaka na katikati panapopona: magamba machache hukwanguliwa, huwekwa tone la potasiamu haidroksidi, na nyuzi za fangasi hutafutwa kwa darubini. Ni kipimo rahisi, na kama hukufanyiwa kabla ya miezi ya dawa za fangasi, uliza kwa nini. Kaswende ya hatua ya pili huleta vipele vyenye magamba hadi viganjani na kwenye nyayo, na huondolewa kwa kipimo cha damu. Pitiriasisi rozea huanza na baka moja kubwa, madogo yakafuata, kisha huisha yenyewe. Baka la ukoma hupoteza hisia: unyuzi wa pamba ukipitishwa juu yake mgonjwa hahisi, wakati baka la soriasisi linahisi vizuri na mara nyingi linawasha.

Bayopsi, yaani kukata kipande kidogo cha ngozi baada ya sindano ya ganzi, huhitajika pale picha isipoeleweka, tiba sahihi isipofanya kazi, au daktari akihofia limfoma ya ngozi, saratani inayoweza kuiga soriasisi kwa miaka. Maabara hutafuta seli za juu zilizobaki na viini vyake, ngozi iliyonenepa na kushuka chini kwa vidole virefu vinavyolingana, na vikundi vya chembe nyeupe ndani ya gamba. Kama umekuwa ukipaka steroidi, sema kabla ya kukatwa. Jibu la ngozi iliyopakwa steroidi juzi huweza kuwa la mashaka, na daktari anaweza kutaka uiache kwa wiki 2 hivi kwanza.

Hatua ya 7: Pima ukali, kisha ulizia viungo

Kiganja chako pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yako. Hesabu viganja vingapi vingefunika mabaka yote. Chini ya asilimia 3 huitwa hafifu, 3 hadi 10 ya wastani, zaidi ya 10 kali. Hospitalini huenda ukakutana na alama ya PASI, inayoanzia 0 hadi 72 na kuchanganya eneo, wekundu, unene na magamba. Hesabu hizi zina upofu wake: soriasisi ya sehemu za siri, uso, viganja au kucha huweza kuwa chini ya asilimia 2 na bado ikamzuia mtu kufanya kazi au kuishi na mwenzi wake. Mwambie daktari ugonjwa unakunyima nini. Hilo nalo huamua kama utapewa krimu, tiba ya mwanga, vidonge au sindano.

Kwa viungo, maswali matano hutosha kuanzia. Je, umewahi kuvimba kiungo? Je, daktari amewahi kukwambia una ugonjwa wa viungo? Je, kucha zako zina vishimo? Je, umewahi kuumwa kisigino? Je, kidole kizima cha mkono au mguu kimewahi kuvimba na kuuma bila sababu? Ukijibu ndiyo kwa matatu au zaidi, omba rufaa kwa daktari bingwa wa viungo hata kama ngozi yako ina baka moja tu, na usikubali kurudishwa kwa sababu kipimo cha damu cha baridi yabisi kimetoka hasi: kwa wenye ugonjwa wa viungo wa soriasisi kwa kawaida hutoka hasi. Kwa wengi viungo hufuata ngozi baada ya miaka, pengine kumi, hivyo maswali hayo yajibiwe upya kila mwaka.